Intaneti Ikizimwa, Msanii Atalipwaje?

Unapofungua wimbo kwenye simu, huwa hufikirii umepitia wapi. Leo tuwaangalie majirani zetu Uganda, kwa sababu yaliyowapata wasanii wa huko yanamgusa kila anayetumia pesa kwa simu.

Redio na TV huhitaji leseni ya serikali, na polisi wanaweza kusimamisha shoo. Bobi Wine, mwanamuziki aliyechaguliwa mbunge 2017, alizuiwa mara kwa mara kutumbuiza, hata kwenye ufuo wake mwenyewe kule Busabala. Kilichobaki ni mtandao: wimbo ulipowekwa YouTube au Facebook, ulimfikia shabiki bila kuomba ruhusa.

Halafu ikaja Julai 2018. Ukitaka WhatsApp, Facebook au Twitter, ulipe shilingi 200 za Uganda kila siku. Papo hapo, miamala ya pesa kwa simu ikawekewa kodi ya asilimia 1. Watu walilalamika na kuandamana, ikashuka hadi 0.5 na kubaki kwenye kutoa pesa tu. Ile ya mitandao wengi waliikwepa kwa VPN. Mwaka 2021 iliondolewa, lakini bando zikawekewa kodi ya asilimia 12. Kwa hivyo msanii alibanwa pande mbili: shabiki kumsikia ni gharama, na kutoa alichotumiwa pia ni gharama.

Januari 2021, Bobi Wine akigombea urais, intaneti ilizimwa nchi nzima usiku wa kuamkia siku ya kura, ikakaa siku kadhaa. Kwenye uchaguzi wa 2016, hata huduma za pesa kwa simu zilifungwa.

Kama wewe ni msanii, au unauza chochote mtandaoni, tunakushauri hivi:

- Jua menyu ya USSD. Ile ya kubonyeza nyota na reli haihitaji bando. Intaneti ikipotea na laini ina mtandao, bado unaweza kulipwa.
- Hifadhi namba za wateja wako. Wafuasi wa Facebook hupotea ukurasa ukifungwa. Namba iliyo kwenye simu inapokea SMS.
- Weka nakala ya kazi zako kwenye memori kadi.
- Kuwa na keshi kidogo. 2016 iliwafunza Waganda kwamba hata pesa ya simu inaweza kukwama.

Na wewe shabiki, ukimtumia msanii pesa moja kwa moja, hakikisha jina kabla ya kuweka PIN.