Mtoto wa Kibugu, bahari utaisomea wapi?

Tuseme wewe ni wa Kibugu. Umekulia pale juu Embu, ambapo ukungu wa Mlima Kenya hushuka asubuhi hadi kwenye majani chai, na maji mengi zaidi uliyowahi kuyaona pamoja ni ya mto wakati wa mvua ya Aprili. Sasa uko Nairobi kwa shangazi, matokeo ya KCSE yametoka, alama za kwenda chuo unazo. Kwenye tovuti ya KUCCPS kidole chako kimesimama juu ya kozi moja: Shahada ya Sayansi katika Biolojia ya Bahari na Uvuvi, Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi.

Unapiga simu nyumbani. Baba ananyamaza kidogo, kisha anauliza: "Bahari? Kwani wewe kuogelea unajua?"

Usimcheke. Ni swali zuri kuliko utakayoulizwa na wajomba, ambao watakupongeza kwa kwenda kuwa baharia. Hapo ndipo wengi hukosea, na baadhi yao hugundua wakiwa tayari wamelipa karo. Ubaharia na uhandisi wa meli ni fani nyingine kabisa, na vina vyuo vyake, kama Bandari Maritime Academy kule Mombasa. Wewe hutaendesha meli. Utasoma kilicho chini yake: samaki, matumbawe, nyasi bahari, mikoko, mikondo, chumvi, matope. Soma jina la kozi mpaka neno la mwisho kabla hujabonyeza. Chuo Kikuu cha Eldoret, kwa mfano, kinafundisha uvuvi na sayansi ya viumbe wa majini. Ni kozi nzuri, lakini hapo jirani yako ni maziwa na mito, si bahari.

Pia usijidanganye na zile video za pomboo. Mwaka wa kwanza ni kemia, biolojia, hesabu na takwimu. Takwimu hasa. Kama uliichukia hesabu Form Three ukadhani umeikimbia, itakungoja Kilifi. Mtafiti hasemi "samaki wamepungua" kwa sababu mzee mmoja ufuoni kalalamika. Anapima, anahesabu, anarudi mwezi ujao kuhesabu tena, halafu anaketi na kompyuta kuuliza kama tofauti aliyoiona ni ya kweli au ni bahati tu.

Utamu unakuja ukianza kwenda uwandani. Ratiba yako haitafuata kengele, itafuata mwezi. Maji ya bahari hujaa na kupwa karibu mara mbili kwa siku. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu huja bamvua, wakati maji yanapanda sana na kushuka sana, na mwamba wote unabaki wazi. Hapo ndipo mnaamshwa alfajiri, mnabeba fremu za mraba na kamba za kupimia, mnainama kuhesabu kilichomo ndani ya kila mraba. Mkichelewa saa mbili, maji yamerudi na kazi ya siku imekwisha. Bahari haina "nakuja, niko hapa Pangani".

Na hapa utagundua jambo ambalo halimo kwenye karatasi za KUCCPS: Kiswahili chako kitatolewa jasho. Wewe uliyepata A ya Kiswahili utasimama kwenye diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, uulize swali moja ujibiwe kwa maneno kumi usiyoyajua. Changu, tasi, tafi, tewa. Kusi na kaskazi. Mikoko yenyewe si mti mmoja. Kenya ina aina tisa, na mzee wa Gazi atakuonyesha mchu, mkandaa na mlilana kabla wewe hujafungua kitabu chenye majina ya Kilatini. Mheshimu. Nusu ya data yako imo kichwani mwake. Na usimwite "buda".

Sasa swali linalobaki ni hili: kwa nini wewe, mtu wa mlimani?

Fuata maji. Rupingazi huteremka kutoka Mlima Kenya, hupita kando ya mji wa Embu, huingia Thiba, na Thiba humwaga maji yake katika bwawa la Kamburu, lililokamilika mwaka 1974. Kutoka hapo ni Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, kupitia Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha Garissa, hadi baharini karibu na Kipini. Udongo unaotoka kwenye shamba lisilo na matuta, mvua ikipiga, huanza safari hiyo hiyo. Sehemu kubwa hunaswa na mabwawa na kuyapunguzia nafasi ya maji. Kule delta nako, maji ya mto yakipungua, ya bahari hupanda ndani ya mto na kuharibu mashamba kwa chumvi.

Mto Sabaki unasimulia upande wa pili. Huo unaanzia huku kwetu Nairobi ukiitwa Athi, na ukifika karibu na Malindi hupaka bahari rangi ya chai ya maziwa kila msimu wa mvua. Matumbawe huhitaji mwanga, na udongo mwingi huyafunika. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, za kwanza nchini Kenya, lakini hakuna askari wa KWS awezaye kusimamisha tope lililotoka mamia ya kilomita huko juu. Tope hilo linahitaji mtu anayeijua bahari na anayejua pia kwa nini mkulima hupanda hadi ukingoni mwa mto. Mtu huyo, nadhani, anaweza kutoka Kibugu.

Tuje kwenye kazi, maana najua ulikuwa unangojea hapa. Tangu kongamano la kimataifa la uchumi wa bahari lililofanyika Nairobi Novemba 2018, neno hilo halikosi kwenye hotuba. Hotuba haziajiri. Mwajiri anayejulikana zaidi ni KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi yenye makao makuu Mombasa, ambayo ina hata meli yake ya utafiti, RV Mtafiti, iliyotoka Ubelgiji. Kuna KWS, kuna kaunti, kuna mashirika ya uhifadhi na kampuni zinazotathmini athari za ujenzi kwa mazingira. Nafasi ni chache na wanaozililia ni wengi. Wengi huanza kwa kujitolea, na bila shahada ya pili milango ya utafiti hufunguka polepole.

Lakini kuna mifano ya kukupa moyo. Kijijini Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni tangu 2013 kutokana na hektari 117 za mikoko, na pesa hizo zimenunua vitabu vya shule na kuleta maji. Nyuma yake kuna miaka ya watu kupima miti kwenye tope. Mmoja wao ni Dkt James Kairo wa KMFRI, ambaye baadaye aliongoza pamoja na wenzake wawili uandishi wa sura kuhusu bahari katika ripoti ya IPCC ya 2019.

Na ukikosa Mombasa? Neno "uvuvi" kwenye shahada yako lina kazi hata mlimani. Mwaka 2009 serikali ilianza kuchimba mabwawa ya samaki, 200 kwa kila eneobunge, katika maeneobunge 140. Mengi yalikufa baada ya wataalamu kuondoka. Mengine utayakuta yamepandwa nduma. Anayejua chakula, hewa na magonjwa ya samaki hakosi cha kufanya.

Pesa ipange mapema. Bonasi ya majani chai huja Oktoba, chuo hufunguliwa kabla yake, kwa hivyo omba HELB dirisha likifunguliwa tu, wala usimwachie Baba deni la kukopea bonasi ambayo haijatangazwa. Nauli ya Embu hadi Nairobi, kisha usiku kucha hadi Kilifi, iweke kando. Likizo zote hutarudi.

Kuhusu kuogelea, mpigie Baba umwambie ukweli: hujui, na utajifunza. Una miezi kadhaa kabla ya kuripoti, na Nairobi ina mabwawa ya kuogelea na walimu. Akikuuliza kama akuwekee gambuti zake za kuchumia chai, mshukuru, lakini uziache. Tope la mikoko huzivua likabaki nazo. Beba raba kuukuu za kamba, uzifunge sana.