Mbele ya kukata tiketi: tovuti na programu zinazookoa pesa ya safari ya biashara

Wandugu na dada zetu mliomaliza masomo, na nyie wadogo mungali kwenye oditoriamu, leo tuongelee safari ya kazi. Si ile ya kwenda kupiga picha, ni ile ambayo mtu anakutuma na pesa si yako.

Mwaka 2023 tulikuwa wanne pale Lubumbashi. Tulichanga pesa tununue mashine ya kusaga mahindi Dar es Salaam. Mmoja wetu, mchango wake ulitoka kwenye meza ya mama yake sokoni. Mimi njo nilitumwa. Nikapita Kasumbalesa, nikavuka Zambia kwa basi, nikaingia Tanzania kwa mpaka wa Tunduma. Nikafika Dar Alhamisi tarehe 6 Aprili, mangaribi. Mpango: ninunue Ijumaa, nirudi Jumamosi.

Ijumaa asubui nikakuta mulango umefungwa. Ilikuwa Ijumaa Kuu, na tena Siku ya Karume. Jumatatu ilikuwa ya Pasaka. Muuzaji akaniambia kwa telefone: «Kaka, tunafungua Jumanne.» Kwetu kalenda ya serikali haihesabu Ijumaa Kuu wala Jumatatu ya Pasaka kama siku ya mapumziko, basi hata sikuwaza kuuliza. Kulala dola 25, kula na kutembea dola 15, mara siku ine: dola 160 zikaenda bure. Ilikuwa pesa ya kusafirisha mashine. Nilirudi na mashine ndogo kuliko ile tuliyopatana, na wenzangu wakaniangalia vile munajua.

Kila kitu kilichonikosesha kilikuwa kwenye intaneti, bure. Njo maana ninaandika. Nitafuata maswali ambayo mtu anapaswa kujiuliza, moja kisha lingine.

1. Siku gani? Anza na kalenda ya kule unakoenda, si ya kwenu. Tovuti timeanddate.com inaonyesha siku za mapumziko za kila nchi, mwaka kwa mwaka. Kumbuka Idi inafuata mwezi, inaweza kusogea siku moja. Angalia pia saa. Congo yetu iko na saa mbili tofauti: Kinshasa ikiwa 09:00, Lubumbashi, Bukavu na Goma ni 10:00, na Dar ni 11:00. Mukipatana saa na mtu, andikeni kwa tarakimu na museme ni saa ya mji gani. Ukisikia mutu wa Dar anasema «saa tatu asubuhi», ni 09:00.

2. Njia gani? Rome2Rio inakupa picha ya njia zote: ndege, basi, treni. Ni nzuri kwa kuanza, lakini bei na saa za basi za upande wetu usiziamini hapo, uliza kwenye biro ya basi yenyewe. Kwa ndege, Google Flights na Skyscanner zinalinganisha bei za makampuni mengi na kukuonyesha siku gani ni rahisi. Ukipata bei, fungua pia tovuti ya kampuni ya ndege. Mara nyingine bei ni moja, na ukitaka kubadilisha tarehe unaongea na wao moja kwa moja. Usisahau Go Pass kwenye kiwanja chetu: kwa safari ya inje imekuwa dola 50 kwa miaka mingi. Uliza kama iko ndani ya tiketi ao unalipa pembeni.

3. Karatasi gani? Hapa ndipo watu wengi wanafuata maneno ya rafiki aliyesafiri zamani. Congo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu hapo mambo ya viza na majirani yamebadilika zaidi ya mara moja. Ingia kwenye tovuti ya uhamiaji ya nchi yenyewe. Angalia mwisho wa anwani: serikali ya Tanzania inaishia na .go.tz, Kenya .go.ke, Uganda .go.ug, Zambia .gov.zm, Rwanda .gov.rw. Tovuti yenye bendera na picha nzuri lakini inaishia na .com, mara nyingi ni mtu wa kati anayeongeza bei, ao mwizi kabisa. Na uangalie pia masharti ya nchi unayopita tu. Mimi nilienda Tanzania, lakini Zambia njo ilikuwa na mulango wa kwanza.

Karti ya manjano usicheze nayo. Chanjo ya homa ya manjano inaanza kuhesabika siku 10 kisha kuchomwa. Tangu Julai 2016 karti haiishi muda tena, ni ya maisha yote, hata kama imeandikwa miaka 10.

4. Ninaenda kumuona nani? Mbele ya kutuma hata franka moja, tafuta kama kampuni iko kweli. Tanzania, BRELA iko na mfumo wa kuandikisha makampuni kwenye intaneti, na unaweza kutafuta jina humo. Zambia ni PACRA. Kwetu, omba namba ya RCCM. Kisha tafuta anwani kwenye Google Maps, uone kama pale kuna duka ao uwanja mtupu. Mwenye kukataa kukupa namba ya usajili, na anakusukuma ulipe leo leo, mwache.

5. Pesa inatosha? XE inakupa bei ya kubadilisha pesa ya siku hiyo. Lakini ni bei ya katikati ya soko, mbadilishaji atakupa chini kidogo, basi upige hesabu yako na nafasi ya kupoteza. Tena, usifikiri dola inatembea kila pahali kama Lubumbashi. Tanzania, tangu 2025, sheria inakataza kupanga bei na kulipa kwa pesa ya kigeni kwa vitu vya ndani. Badilisha upate shilingi.

Kwa wale munaobeba pesa ya wengi: fungua jedwali kwenye Google Sheets, wenzako wote walione. Kila jioni andika ulichotumia, weka picha ya risiti. Mimi niliandika kwenye kikaratasi, na niliporudi hakuna aliyetaka kukisoma.

6. Mega zikiisha? Ukingali na konesio nzuri nyumbani, shusha ramani ya mji kwenye Google Maps, itafanya kazi bila intaneti. Shusha pia lugha kwenye Google Translate. Piga picha ya tiketi, viza, anwani ya hoteli na namba ya mtu wa kule, na uandike namba hiyo pia kwenye karatasi. Telefone inaweza kuzima ao kuibiwa, karatasi ya mufukoni inabaki.

Kazi hii yote ni masaa mawili, labda mega mia tatu. Mimi nilikosa hayo masaa mawili, na mama mmoja sokoni alilipa. Mwaka uliofuata wenzangu walikubali kunituma tena, lakini paka nilipowaonyesha kalenda, jedwali na namba ya usajili ya muuzaji. Hawakuniuliza tena kama ninajua Dar.