DIRHAMU ILIYOCHAKAA: NAMNA YA KUPIMA HALI YAKE NA HUKUMU YA KUIUZA

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Msomaji wa fiqhi hukutana na neno dirhamu katika zaka, mahari, diya na milango mingine mingi, lakini ni wachache waliowahi kuishika mkononi. Hata hivyo dirhamu za kale zingalipo, hurithiwa na huuzwa, na mwenye nayo humwendea anayejua Kiarabu ili amsomee. Hapo msomaji huwa shahidi. Kwa neno lake moja sarafu ya bei ndogo hupanda ikawa ya bei kubwa. Kwa ajili hiyo tumeona tueleze namna ya kuipima dirhamu ya Bani Umayya iliyochakaa, na mipaka ya kisharia katika kuiuza.

SARAFU YENYEWE

Waislamu wa mwanzo walitumia dirhamu za mtindo wa Kifursi, zenye picha ya mfalme upande mmoja na madhabahu ya moto upande wa pili, zikaongezwa maneno ya Kiarabu pembeni. Khalifa Abdul-Malik bin Marwan (aliyetawala 65–86 Hijria) aliziondoa picha hizo. Dinari ya maandishi matupu ilipigwa mwaka 77 Hijria, na dirhamu za namna hiyo zikaenea mwaka 79 (698/699 Miladia).

Dirhamu hii ni nyembamba na pana, na iliyo kamili huwa na uzito wa karibu gramu 2.9. Kila dirhamu kumi kwa uzito ni sawa na mithqali saba. Upande mmoja, katikati, kuna tamko la tawhidi, na pembeni kwa mduara kuna jina la mji ilikopigwa na mwaka. Upande wa pili, katikati, kuna maneno ya Suratul Ikhlas, na pembeni maneno ya Aya ya 33 ya Suratut Tawba. Jina la khalifa halimo. Kwa hiyo utambulisho wote wa sarafu, mji na mwaka, umo katika mstari ule mwembamba wa pembeni.

Na hapo ndipo thamani ilipo. Dirhamu za Wasit na Dimashqi ni nyingi, lakini iko miji iliyopiga kwa miaka michache tu, na sarafu zake ni adimu. Kinachotenganisha nyingi na adimu huenda kikawa neno moja, na neno hilo liko mahali panaposagika na kukatwa upesi.

KUCHAKAA NA MENGINE YANAYOFANANA NAKO

Si kila kisichosomeka kimechakaa. Tutenganishe mambo manne.

Kwanza, kuchakaa kwa matumizi. Vichwa vya herufi huwa bapa na laini, herufi hupanuka mpaka zikakaribiana.

Pili, pigo hafifu. Sehemu moja haikupata nguvu ya nyundo tangu siku ya kwanza. Alama yake ni kuwa sehemu hiyo hiyo huwa hafifu pande zote mbili, na herufi za jirani zikawa kali.

Tatu, kukatwa pembeni. Watu walipunguza fedha kwa mkasi. Mizani huifichua: katikati panasomeka vizuri, lakini uzito umepungua sana na mduara wa nje haupo.

Nne, kughushi kwa kumimina katika kalibu. Herufi huwa laini kama zilizochakaa, lakini tazama ukingo kama una mshono, na uso kama una vitundu vidogo vya hewa. Huyu ni mghushi anayejificha nyuma ya uchakavu.

Aidha, tundu la kuvalia shingoni na alama ya kuunganishwa pete ni aibu zinazopasa kutajwa. Wala sarafu isisuguliwe kwa jivu, dawa ya meno au tindikali. Kusugua huondoa herufi ambazo karne kumi na tatu zimeziacha.

MTEGO WA SABA NA TISA

Mwaka umeandikwa kwa maneno, kwa hati ya Kikufi isiyo na nukta. Ondoa nukta katika neno *sab'* (saba) na neno *tis'* (tisa), utabaki na umbo moja: meno manne kisha *'ayn*. Vivyo hivyo *sab'in* (sabini) na *tis'in* (tisini). Basi umbo moja la maandishi laweza kuwa 77, 79, 97 au 99. Mwaka 77 tunauondoa kwa sababu dirhamu hizi hazikuwa zimeanza kupigwa. Ikiwa mji ni Wasit, 79 nao unaondoka, kwani al-Hajjaj aliujenga mji huo baada yake. Lakini Dimashqi ilipiga mwanzoni na mwishoni mwa kipindi hicho, hivyo jina la mji halisaidii.

Wachongaji wengine walilirefusha jino la *ba* au la *ta*: likirefuka la mwisho ni saba, likirefuka la kwanza ni tisa. Na ncha za meno ndizo za mwanzo kusagika! Kwa hiyo katika sarafu iliyochakaa, mwenye elimu na mkweli atasema: "Ni 97 au 99," anyamaze hapo.

DARAJA ZAKE

Tunapendekeza daraja nne zinazofuata kinachosomeka:

1. Safi: maandishi yote yanasomeka, na ncha za herufi zingali kali.
2. Nzuri: yote yanasomeka, vichwa vya herufi vimelainika.
3. Wastani: katikati panasomeka, mji na mwaka hupatikana kwa taabu lakini bila shaka.
4. Chakavu: katikati panasomeka, mji au mwaka haukuthibiti.

Sarafu ya daraja ya nne haiuzwi kwa jina la mji adimu. Dhana ya muuzaji si sifa ya bidhaa.

HUKUMU ZAKE

Mtume (S.A.W.) amefundisha katika hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.), iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, kuwa wauzianao wakisema kweli na wakabainisha hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo baraka ya biashara yao hufutwa. Basi kutaja daraja, tundu na uzito ni katika kubainisha huko. Na mjuzi anayemwambia mjane kuwa sarafu yake ni chakavu ili ainunue kwa bei ya chini, naye ameshausoma mji wake, amehini amana.

Fedha kwa fedha ni lazima iwe sawa kwa uzito na mkono kwa mkono, kama ilivyo katika hadithi ya Ubada bin as-Samit (R.A.) iliyo katika Sahih Muslim. Ubora na uadimu havihalalishi ziada. Asiende mtu kwa sonara kubadilisha dirhamu moja adimu kwa bangili ya fedha yenye uzito wa dirhamu kumi. Njia ni ile aliyoelekezwa mwenye tende za Khaibar: uza kwa thamani nyingine, kisha nunua unachotaka.

Kuuza kwa shilingi kwa bei inayozidi uzito wa fedha yake kunafaa, kwa sharti la kukabidhiana hapo hapo. Majma'u ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, ilikiri kuwa pesa za noti ni thamani inayojitegemea yenye hukumu za dhahabu na fedha. Hivyo haiuzwi kwa mkopo wala kwa malipo ya mwezi kwa mwezi.

Ama kuishika bila udhu, kauli sahihi katika madhehebu ya Shafi ni kuwa yajuzu, ingawa ina maneno ya Qur'ani. Lakini adabu ni kuihifadhi pahala safi.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa wakweli katika tunachokisoma na katika tunachoshindwa kukisoma. Wallahu a'lam.