Kukubaliwa si kulipiwa: kuomba shahada ya uzamili ya muziki nje ya nchi

Mwaka juzi mdogo wangu, mwimbaji wa sauti ya soprano aliyesomea muziki Kinshasa, alipata barua kutoka chuo kimoja cha Marekani. Alikuwa amekubaliwa kusomea shahada ya uzamili katika uimbaji. Nyumbani kwetu Lubumbashi mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini. Kesho yake nilisoma ukurasa wa mwisho wa barua ileile, ule wa fedha. Chuo kilimsamehe nusu ya ada. Nusu iliyobaki, pamoja na chumba, chakula na bima ya afya, ilipita dola 30,000 kwa mwaka. Baba akasema atauza kiwanja. Hata kiwanja kingelipa miezi michache tu. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kukataa nafasi ile, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimeandika barua zote.

Nasoma Kiingereza katika kitivo hiki, wala sijui kupiga hata kinanda. Lakini kwa miaka miwili nimekuwa karani na mfasiri wa mdogo wangu, na nimeona kwamba ombi la kusomea muziki lina kazi nyingi ya lugha. Naandika ili wenzetu wanaoimba au kupiga ala, na sisi tunaoombwa kuwasaidia, tusirudie makosa yaleyale.

Sauti kwanza

Nafasi ya kusomea uimbaji au ala haipatikani kama ile ya isimu au fasihi. Alama za darasani husomwa, lakini kinachoamua ni dakika chache za muziki. Katika vyuo vingi vya Marekani utaratibu ni huu: mwombaji hutuma fomu na rekodi za mchujo wa kwanza, mara nyingi kufikia tarehe 1 Desemba. Wanaopita huitwa kuimba mbele ya walimu mwezi wa pili au wa tatu; baadhi ya vyuo huwaruhusu walio mbali kutuma rekodi nyingine badala ya kusafiri. Majibu hutoka kati ya Machi na Aprili. Vyuo vingi vimekubaliana kwamba mwanafunzi asilazimishwe kujibu ahadi ya fedha kabla ya tarehe 15 Aprili.

Rekodi ina masharti yake. Kamera imwonyeshe mwimbaji, na wimbo uimbwe tangu mwanzo hadi mwisho bila kukatwa na kuunganishwa. Mwaka wa kwanza tulirekodi kanisani siku moja kabla ya mwisho wa muda. Umeme ukakatika, jenereta ikawashwa, na mngurumo wake ukabaki chini ya kila wimbo. Mwaka wa pili tulianza Agosti.

Kwa waimbaji kuna sharti jingine ambalo linatuhusu sisi moja kwa moja: vyuo vingi hutaka nyimbo katika Kiitaliano, Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Niliketi na mdogo wangu tukaandika kila neno la wimbo wa Kijerumani kwa alfabeti ya fonetiki ya kimataifa. Vokali ya «ü» haikumsumbua, kwa sababu anaijua kutoka Kifaransa. Shida ilikuwa mwisho wa maneno. «Tag» humalizika kwa sauti ya k, na «Lied» kwa sauti ya t. Yeye, kama wengi wetu tuliolelewa kwa Kiswahili, aliongeza kivokali kidogo mwishoni. Somo la fonetiki ambalo niliona ni la kufaulu mtihani tu liligeuka kuwa msaada.

Fedha zina mlango wake

Kosa letu kubwa lilikuwa kudhani kwamba chuo kikimpenda mwimbaji, fedha zitafuata. Kukubaliwa ni uamuzi mmoja. Kulipiwa ni uamuzi mwingine, na mara nyingi una fomu yake na tarehe yake. Tena haiwezekani kwenda kwanza na kutafuta fedha ukishafika. Chuo cha Marekani hakitoi fomu ya I-20, ambayo bila hiyo huombi viza ya mwanafunzi, mpaka uonyeshe kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo. Na mwenye viza hiyo haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo.

Njia nilizozikuta ni hizi.

Ya kwanza ni shule zisizotoza ada. Shule ya Muziki ya Yale ilipata zawadi ya dola milioni 100 mwaka 2005, na tangu hapo wanafunzi wake hawalipi ada. Ushindani wake ni mkali ipasavyo. Ujerumani, vyuo vya muziki vya serikali katika majimbo mengi havitozi ada hata kwa mgeni. Baden-Württemberg ni tofauti: tangu 2017 wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula. Hata hivyo, kutolipa ada si kuishi bure. Anayeomba viza ya Ujerumani bila mfadhili huombwa aonyeshe fedha za kuishi katika akaunti iliyofungwa. Kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi.

Ya pili ni kazi ya usaidizi chuoni. Mwanafunzi hufundisha wanaoanza, husindikiza waimbaji kwa piano, au husaidia maktaba ya okestra. Naye husamehewa ada yote au sehemu yake na kupewa posho. Kazi hizi hupatikana zaidi katika vyuo vikuu vyenye idara ya muziki kuliko katika konsavatori zinazojitegemea. Sisi mwaka wa kwanza tulifuata majina makubwa tu, kwa hiyo hatukuomba hata moja.

Ya tatu ni mfadhili wa nje. DAAD ya Ujerumani ina ufadhili wa masomo ya muziki kwa wahitimu kutoka nchi nyingine, na Fulbright hupokea maombi kupitia balozi za Marekani. Tarehe zao huweza kutangulia zile za vyuo kwa miezi mingi.

Ya nne iko karibu nasi. Itifaki ya SADC ya elimu ya mwaka 1997 inazitaka nchi wanachama ziwatendee wanafunzi wa kanda kama wenyeji katika ada. Kongo ni mwanachama, na Cape Town ina chuo cha muziki kilichoanzishwa 1910. Kila chuo kina ukurasa wake wa ada kwa wageni. Usomwe kabla ya kulipa chochote.

Jambo jingine: barua ya fedha inaweza kujibiwa. Mwombaji anaweza kuandika kwa adabu kwamba anaipenda shule, kwamba kiasi alichopewa hakitoshi, na kueleza kama shule nyingine imempa zaidi. Mimi niliisoma ile barua kama hukumu ya mahakama, nikaandika kukataa bila kuuliza.

Kazi ya mfasiri

Hati zetu zina mitego. «Graduat» ya mfumo wetu wa zamani ilikuwa miaka mitatu ya mwanzo. Ukiiacha hivyohivyo, msomaji wa Kiingereza ataona «graduate» na kudhani mwombaji tayari ana shahada ya juu. «Licence» ya zamani ilifuata baada ya hiyo miaka mitatu. «Licence» ya mfumo wa LMD ndiyo shahada ya kwanza. Neno ni moja, vyeti ni viwili. Nimejifunza kuacha jina la Kifaransa lilivyo na kueleza pembeni idadi ya miaka.

Alama nazo zinahitaji maelezo. Asilimia 62 kwetu ni «satisfaction», na aliyepata 70 amepata «distinction». Marekani, asilimia 62 ni ya mtu aliyeponea chupuchupu. Tuliomba chuo cha mdogo wangu kiambatishe karatasi ya kueleza ngazi za alama, nayo ikapatikana.

Mwisho ni barua zenyewe. Sisi tumezoea kuanza na «insigne honneur» na kufunga kwa «haute considération». Nilipofasiri hayo kwa Kiingereza neno kwa neno, nilijaza aya nzima kabla ya kusema mdogo wangu anaimba nini. Sasa sentensi ya kwanza inasema sauti yake, mwalimu anayetaka kusoma naye na sababu. Barua kama hiyo hutumwa kwa mwalimu mwenyewe miezi kadhaa kabla ya ombi rasmi, kwa kuwa katika shule nyingi mwanafunzi hupata nafasi pale tu ambapo mwalimu yuko tayari kumpokea darasani kwake.

Kabla ya kutuma fomu

Kila ombi la Marekani lilitugharimu takriban dola 100, mbali na mtihani wa Kiingereza. Mwaka wa kwanza tulituma maombi sita. Safari hii tumetuma matatu, na kwa kila moja nilichora jedwali dogo: ada analipa nani, chumba na chakula analipa nani, tiketi ya ndege analipa nani. Shule iliyoacha nafasi tupu tuliiandikia kuuliza. Iliyoshindwa kujibu tuliiondoa. Vyuo viwili vilikubali kusamehe ada ya maombi, kwa sababu tu tuliomba.

Majibu bado. Mdogo wangu anafundisha kwaya jioni na kuendelea na Kijerumani chake. Baba hajauza kiwanja, nami nimemwambia kwamba safari hii, hata barua njema ikija, tutaanza kusoma ukurasa wa mwisho.