Mwanasesere Asifungiwe Kabatini

Mtoto akizaliwa amechoka, kama wakunga wetu wanavyosema, halii wala hapumui, na mkunga ana dakika moja tu. Wakufunzi huiita dakika ya dhahabu. Ndani yake amkaushe, amsugue mgongo, asafishe njia ya hewa ikiwa imeziba, na akiona bado kimya, ashike mfuko na barakoa aanze kumpulizia hewa. Hapo hakuna dawa wala mashine ya mamilioni. Ni mikono.

Mikono hiyo tunaifundishaje? Kwa miaka mingi tumeifundisha kwa semina: siku moja au tatu ukumbini, chai ya saa nne, picha ya pamoja, cheti, posho. Safari ijayo anatumwa mwingine, maana posho nayo hupeanwa kwa zamu. Sina ugomvi na posho. Mshahara wa muuguzi wa zahanati tunaujua. Ugomvi wangu ni na cheti, kwa sababu kinadai mtu anaweza jambo ambalo pengine alilifanya mara moja tu, mbele ya mkufunzi.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, huko Mbulu mkoani Manyara, ililipima jambo hili bila kujionea haya. Aprili 2010 watumishi wake wa leba walipata mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia wachanga kupumua, kwa mtaala wa Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani. Kabla ya hapo waliofaulu zoezi la kumwokoa mwanasesere asiyepumua walikuwa asilimia 18. Miezi saba baada ya mafunzo wakawa asilimia 74. Kwa semina za kawaida, ripoti ingeandikwa hapo na faili likafungwa.

Ila Haydom ilikuwa na waangalizi waliokaa leba usiku na mchana, saa ya kupimia sekunde mkononi, wakiandika kila alichofanyiwa kila mtoto. Daftari lao lilikuwa na habari nyingine. Watoto waliosafishwa njia ya hewa au kupuliziwa hawakuongezeka, na vifo vya saa 24 za kwanza vilibaki palepale. Ujuzi ulikuwa umeishia kwa mwanasesere.

Tupige hesabu kidogo. Kati ya watoto 100, wanaohitaji mfuko na barakoa ni kama 3 hadi 6. Zahanati inayozalisha akina mama 10 kwa mwezi itakutana na watoto wa namna hiyo wanne hadi saba kwa mwaka mzima. Wagawe kwa wakunga watatu wanaopokezana zamu: kila mmoja anaushika mfuko mara moja au mbili, tena huenda ni saa nane za usiku, akiwa peke yake. Mkono uliokaa miezi sita bila kuishika barakoa huiweka upande, hewa ikavuja shavuni na kifua kisinyanyuke. Na kuchelewa kuna bei yake: takwimu za Haydom hiyohiyo zilionyesha kuwa kila sekunde 30 za kuchelewa kumpulizia mtoto huongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu.

Februari 2011 wakabadili mtindo. Mwanasesere akahamia leba, na kila wiki mkunga akafanya naye zoezi la dakika 3 hadi 5, pamoja na kipindi cha dakika 40 mara moja kwa mwezi. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kinachonivutia zaidi ni kwamba waliotumiwa mfuko walipungua, kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9, huku waliosuguliwa na kusafishwa wakiongezeka. Ninavyosoma mimi, mikono iliwahi, na wengine wakalia kabla mfuko haujahitajika.

Baadaye mazoezi ya namna hiyo yalipelekwa katika vituo 30 vya kutolea huduma za afya vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, yakiambatana na vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya siku ya kwanza vimepungua kwa takriban asilimia 40. Sifa zote tusimpe mwanasesere, lakini fungu lake analo.

Mabaraza yetu ya taaluma yanadai pointi za mafunzo endelevu kabla ya kuhuisha leseni, na njia rahisi ya kuzipata bado ni kuketi ukumbini na kusaini mahudhurio. Dakika tano za leba nazo zihesabiwe. Daftari na saini ya muuguzi kiongozi vinatosha kuwa ushahidi.

Nawe mganga mfawidhi unayesoma haya, kama mwanasesere wa kituo chako yumo kabatini na ufunguo anao mtu wa stoo, mtoe leo, umweke leba, kando ya mfuko na barakoa.