Darubini ya Webb kwa Manila na Gundi

Darubini ya anga ya James Webb, iliyorushwa kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, tarehe 25 Desemba 2021, haina bomba kama darubini tulizozizoea. Kioo chake kiko wazi, na chini yake umetandazwa mwavuli mpana wa kukinga jua. Ukitaka kuelewa kwa nini iliundwa hivyo, itengeneze kwa karatasi.

Kipimo kizuri ni 1 kwa 50. Ngao ya jua, yenye urefu wa mita 21.2 na upana wa mita 14.2, inakuwa sentimita 42 kwa 28 na kuenea barabara kwenye karatasi ya A3. Kioo cha mita 6.5 kinakuwa sentimita 13.

Kioo hicho kina vipande 18 vya pembesita, vya metali ya berili iliyopakwa dhahabu. Pembesita hushikana bila kuacha mianya, jambo ambalo duara haziwezi. Fungua bikari sentimita 1.5, uchore duara, kisha utembeze ncha yake juu ya mzingo bila kubadili upana: utapata alama sita za kuunganisha kwa rula. Kata vipande kwenye manila uliyoibandika karatasi ya dhahabu ya kufungia zawadi, uvipange kwa safu za 3, 4, 4, 4 na 3. Katikati kabisa acha tundu, maana mwanga hudunda kutoka kioo kikubwa hadi kile kidogo cha mbele, kilichoshikiliwa na miguu mitatu (vijiti vya mishikaki vinatosha), kisha hurudi na kupitia hapo kwenda kwenye vifaa.

Safu mbili za kingoni ziwekee bawaba za karatasi. Kichwa cha roketi ya Ariane 5 kilikuwa na upana wa mita 5.4, na kioo kilichokunjuliwa kisingeingia. Kunja mabawa hayo nyuma, upime: zinabaki sentimita 7 na nusu.

Sasa ngao, sehemu ninayoiona bora kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Ina matabaka matano, na mkono unatamani kuyagandisha pamoja. Usiyagandishe! Webb huona miale ya infraredi, ambayo kila kitu chenye joto huitoa. Darubini yenye joto ingepofushwa na miale yake yenyewe. Joto linalopenya tabaka la kwanza hutorokea kando, kwenye nafasi kabla ya tabaka la pili, na kupotelea angani. Vivyo hivyo hadi la tano. Kwa hiyo matabaka yamekaribiana katikati na kuachana kingoni. Tumia vipande vya kadibodi kuyatenganisha. Upande wa jua hufika nyuzi 85 za Selsiasi hivi. Upande wa kioo ni kama 233 chini ya sifuri.

Karatasi ya kawaida ina unene wa milimita 0.1 hivi. Manne kati ya matabaka halisi yana milimita 0.025 tu, kwa hiyo modeli yako ni nene kuliko kitu chenyewe! Utando huo ulirushwa ukiwa umekunjwa, ukishikiliwa na vibanio 107. Vyote vilipaswa kuachia, na hakuna fundi ambaye angeweza kutumwa huko. Vyote viliachia.

Walimu wa sayansi, waacheni wanafunzi waikunje na kuikunjua wenyewe kabla ya kuwachorea ubaoni.