Gundi ya Nyuki na Usafi wa Vyombo vya Maziwa

Panya aingiapo mzingani huumwa hadi kufa, lakini nyuki hawana nguvu ya kumtoa. Basi huufunika mzoga kwa propolisi, yaani gundi ya nyuki, nao hukauka pasipo kuoza. Gundi hiyo ni utomvu wa machipukizi na magome ya miti uliochanganywa na nta.

Je, yaweza kusafisha vyombo vya maziwa? Kwa sehemu tu. Flavonoidi zilizomo huzuia vyema bakteria kama Staphylococcus aureus, watokao mikononi mwa mkamuaji na katika viwele vyenye ugonjwa. Lakini Escherichia coli, bakteria wa kinyesi, ana utando wa nje unaozuia kemikali hizo kupenya; na kinyesi hakikosekani zizini. Aidha, gundi hii huyeyuka katika alkoholi, si katika maji matupu, na nguvu yake hutegemea miti iliyo jirani na mzinga: gundi ya Tabora haiwezi kudhaniwa kuwa sawa na ya Kitui. Tena utando wa mafuta ya maziwa huwakinga bakteria wasifikiwe na dawa. Kwa hiyo kusugua kwa sabuni na maji ya moto hutangulia.